Pedali ya mafuta: kutoka waya hadi kompyuta, na mguu uliosingiziwa

Wengi wenu mmezoea kunikuta hapa nikizungumzia programu, seva na lugha za kompyuta. Leo nimekuja na mikono yenye grisi. Disemba 2023 nilikuwa nyumbani Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, na kazi niliyojipa likizoni ilikuwa moja tu: kubadilisha pedali ya mafuta ya pikapu ya mjomba, Peugeot 504. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilichukua wiki mbili, ikanipeleka Ukunda mara nne, na ikafungua kesi ambayo ukoo wetu ulikuwa umeifunga miaka 20 nyuma.

Kesi yenyewe ni hii. Mwaka 2003 pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Ilibeba nazi na korosho, siku nyingine samaki wa Gazi na Shimoni, hadi Likoni, ikavuka kwa feri kwenda kuuza Mombasa. Dereva alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, kijana wa miaka 22. Asubuhi moja, akiingia sokoni kutoka barabara ya vumbi, gari lilichomoka. Likapita katikati ya meza za wachuuzi, likagonga mnazi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri alivunjika mguu.

Binamu alisema neno moja na hakulibadilisha: "Nilitoa mguu, gari halikuachia." Hakuna aliyemwamini. Mjomba aliuza ng'ombe wawili kulipia matibabu ya yule mama, pikapu ikavutwa hadi chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, na binamu akabandikwa jina la Mguu Mzito. Hakushika usukani tena. Anafua nguo katika hoteli moja ya Diani, na jina hilo lilimfuata hadi huko.

Kwa nini 504?

Kwa wale waliozaliwa juzi, acha nieleze hili lilikuwa gari gani. Peugeot walilitoa 504 mwaka 1968, na 1969 likachaguliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Lakini sifa zake za kweli zilipatikana kwenye vumbi na matope ya kwetu. Kaka yake mkubwa, 404, alishashinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Likaja 504, nalo likashinda 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Gari likishinda Safari, mtu wa Kwale au wa Kisii hakuhitaji tangazo jingine.

Pikapu ya 504 ilitolewa 1979. Hapa Kenya magari haya yaliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha AVA, moja ya viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa nchini miaka ya 1970. Nigeria nao waliyaunganisha Kaduna. Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983, lakini sisi tuliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo msomaji wangu asidhani 504 ni gari la kizungu lililotufikia likiwa limechoka. Pikapu ya mjomba ilifungwa nati zake ng'ambo ya feri tu, na watu waliokuwa wakipanda matatu zile zile tunazopanda sisi.

Pedali ilitoka wapi?

Tumezoea kusema "kanyaga mafuta". Kumbe kwa gari la petroli lenye kabureta, mguu haugusi mafuta hata kidogo. Unafungua hewa! Ndani ya koo la kabureta mna kibati cha duara kinachozunguka kama mlango wa katikati; mafundi wengi hukiita kipepeo. Ukikanyaga, kipepeo kinafunguka, injini inavuta hewa zaidi, na hewa ikipita kwa kasi kwenye tundu jembamba inafyonza petroli pamoja nayo. Ukiachia, springi inakirudisha. Kumbuka hiyo springi, tutaihitaji baadaye.

Mwanzoni hata mguu haukuhusika. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta: moja ilikuwa ya gia, moja ya kurudi nyuma, moja ya breki. Mafuta yaliongezwa kwa kidole, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake, na dereva aliyehama gari moja kwenda jingine alikuwa kama mtu aliyebadilishiwa kibodi usiku. Mpangilio tunaoujua leo, yaani klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia, ulionekana kwenye Cadillac ya 1916, na ulisambazwa zaidi na kigari kidogo cha Uingereza, Austin Seven, kuanzia 1922. Sisi wa kompyuta tungesema hapo ndipo viwango vilipokubaliwa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba usukani ukihamia kulia, kama kwetu, pedali hazigeuki. Mafuta yanabaki kulia. Lakini mkono wa chuma unaobeba pedali, na njia ya kebo kwenda injini, hubadilika. Hilo nililijua kwa gharama. Niliagiza pedali mtandaoni kutoka Ulaya, nikalipa, nikangoja, nikaenda kuichukua Mombasa kwa furaha. Nilipofika nyumbani nikakuta ni ya gari la usukani wa kushoto. Mkono wake ulipinda upande usiofaa. Mjomba aliitazama akasema, "Mpwa wangu, umeninunulia kiatu cha mguu mwingine."

Ndani ya ukuta wa bati

Turudi chini ya mkorosho. Siku ya kwanza nilipoketi kwenye kiti cha dereva, pedali ilikuwa imelala chini kabisa, imegusana na sakafu. Hatukushangaa. Miaka 20 ya upepo wa chumvi wa Msambweni inakula chochote. Sakafu yenyewe ilikuwa na matundu ya kupitisha ngumi. Tukasema ni kutu.

Fundi niliyemleta kutoka Ukunda ni mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Hakuanza na pedali. Alifungua boneti, akaondoa viota vya ndege, akanionyesha kipepeo cha kabureta. Kilikuwa wazi. Springi yake ilikuwepo, imechoka lakini nzima, bado inavuta. "Springi inataka kufunga," alisema, "kuna kitu kinaikatalia."

Akaanza kuifuata kebo. Kebo ya mafuta ni waya uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma, unaoteleza ndani ya ala. Inapita kwenye tundu la ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, na katika tundu hilo lazima pawe na raba ili kebo isisuguane na ukingo wa bati. Raba yetu ilikuwa imekatwa nusu. Katika nafasi iliyokatwa zilipita nyaya mbili nyekundu. Ala ilikuwa imesogezwa pembeni, na kebo ilikuwa ikikatwa na bati kila ilipovutwa, kama kamba ya ndoo kwenye ukingo wa kisima.

Alipoichomoa tuliona nyuzi tano au sita zimekatika. Hazikuwa zimekatika na kubaki mahali pake. Zilikuwa zimekunjika kwa nyuma kama ndoana na kujibana kwenye mdomo wa ala, zimekuwa kidonge. Nikamuuliza fundi kama kutu inaweza kufanya vile gari likiwa limesimama. Akajibu, "Kutu inakata, haikunji. Hizi zimekunjwa na kebo inayotembea. Dereva alikanyaga, kebo ikaenda. Alipoachia, zikajibana mdomoni. Springi haina nguvu ya kuzipitisha."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Ndugu msomaji, kazi yangu ni kutafuta hitilafu, na najua hisia ya kupata mstari mmoja uliokuwa ukiwasumbua watu kwa miezi. Hii haikuwa furaha ile. Miaka 20 ushahidi ulikuwa hapo, mita 30 kutoka mezani tunapokula wali wa nazi na kumtania mtu kwa jina la Mguu Mzito.

Na zile nyaya nyekundu? Zilikuwa zikitoka kwenye betri kwenda kwenye redio ya kaseti. Mjomba alisimama nyuma yetu, mikono mgongoni. Redio ile aliinunua yeye mwenyewe, 2002, na aliyeifunga alikuwa jirani aliyejitolea. Hakusema kitu. Aliingia ndani na hakutoka hadi adhuhuri.

Mkono mpya

Pedali mpya haikutoka Ulaya. Ilitoka kwenye kibanda cha mabati Ukunda, kando ya barabara ya Lunga Lunga. Fundi alichukua mkono wa zamani uliooza, akaupima kwa kamba na chaki, akakata chuma kipya, akakipinda kwa moto, akakitoboa tundu la pini na kuweka bushi ya shaba. Kebo alipata ya gari jingine, akaikata kwa urefu wetu. Raba alinunua kwenye duka la spea kwa bei isiyofika ya chupa moja ya soda.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta ujumbe Kenya, na ripoti yake ndiyo iliyoueneza ulimwenguni msamiati wa "sekta isiyo rasmi". Sisi tunaiita jua kali. Nataka kusema jambo moja kuihusu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo kila 504 inayotembea leo inatembea kwa sababu kuna mtu aliyeweza kuifungua, kuiona, kuielewa na kuiunda upya. Kila sehemu ya gari lile inasomeka kwa jicho. Huhitaji ruhusa ya mtu kuisoma.

Pedali isiyo na waya

Sasa njooni upande wangu wa kazi. Mwaka 1972 NASA walirusha ndege ya F-8 ambayo usukani wake haukuunganishwa na mabawa kwa vyuma wala nyaya za kuvuta. Rubani alisukuma, kompyuta ikasoma, kompyuta ikaamua. Na kompyuta hiyo ilikuwa ya aina ile ile iliyowapeleka wanaanga wa Apollo mwezini! Wazo likashuka kutoka angani hadi barabarani. Mwaka 1987 BMW walitoa 750i, ambayo pedali yake ya mafuta haikuvuta kebo hadi kwenye injini. Kompyuta ndiyo iliyoamua kipepeo kifunguke kiasi gani. Leo karibu magari yote mapya ni hivyo.

Kwenye gari la namna hiyo pedali ni kifaa cha kuuliza swali tu. Juu yake kuna vihisi viwili vinavyopima umeikanyaga kiasi gani, kila kimoja kikitoa umeme wa kiwango chake. Kompyuta inavilinganisha. Visipokubaliana, inakata nguvu na gari linatambaa. Kisha mota ndogo inazungusha kipepeo. Kwa kweli ni mpango mzuri. Hakuna nyuzi za kukatika, hakuna raba ya kukatwa. Ningetaka kuwaambia kwamba binamu angekuwa na gari la namna hiyo yasingemkuta. Lakini siwezi, kwa sababu ya Camry.

Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, gari aina ya Lexus lilikataa kupunguza mwendo na watu wanne wakafa. Uchunguzi ulionyesha zulia la gari la aina nyingine lilikuwa limenasa pedali. Januari 2010 Toyota ikayaita magari yapatayo milioni 2.3 nchini humo kwa sababu pedali zake zingeweza kunata. Watu wakauliza: je, na programu? Februari 2011 serikali ya Marekani, ikisaidiwa na wahandisi wa NASA, ikatangaza kwamba haikuona kasoro ya elektroniki yenye uwezo wa kufungua kipepeo kwa kiasi hicho, na kwamba katika visa vingi dereva alikanyaga pedali isiyo sahihi. Yaani kwa lugha ya kwetu, Mguu Mzito.

Kulikuwa na kesi moja iliyoendelea. Mwaka 2007, jimbo la Oklahoma, mama mwenye umri mkubwa alikuwa akiendesha Camry ya 2005 ikamshinda. Aliacha alama ndefu za breki barabarani. Abiria wake alikufa. Wataalamu waliruhusiwa kuusoma msimbo wa kompyuta ya injini, lakini ndani ya chumba kinacholindwa, bila intaneti. Mmoja wao, Michael Barr, alitoa ushahidi mahakamani Oktoba 2013. Alisema ndani ya programu mlikuwa na vigeu vya globali zaidi ya 10,000 (wanaoandika programu watakuwa wameshashika vichwa), na kwamba kazi moja muhimu ndani ya kompyuta ingeweza kufa kimya kimya, kipepeo kikabaki wazi, na mfumo wa usalama usione. Toyota hawakukubali kwamba hicho ndicho kilichosababisha ajali. Baraza la mahakama lilimwamini Barr, likaamuru dola milioni 3 zilipwe, na pande mbili zikapatana kabla ya adhabu zaidi kuamuliwa. Mwaka uliofuata, 2014, Toyota ilikubali kulipa serikali dola bilioni 1.2 kwa kupotosha umma, ingawa hiyo ilihusu mazulia na pedali zinazonata, si msimbo.

Sisemi nani alikuwa sahihi kuhusu kila gari. Watu hukosea pedali kweli, na hiyo nayo inaua. Ninachosema ni hiki: kebo ya mjomba ilibeba ushahidi wake yenyewe, miaka 20, kwenye mvua na chumvi, bila kuombwa. Hitilafu ya programu haifanyi hivyo. Ukizima gari na kuwasha, imepotea, isipokuwa aliyeandika programu aliamua mapema kuacha kumbukumbu, na mwenye programu akakubali isomwe. Kama wote wawili hawakufanya hivyo, anayebaki kulaumiwa ni yule aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Tangu siku ile chini ya mkorosho, kila ninapoandika programu ninajiuliza swali moja: ikiharibika, yule atakayelaumiwa ataonyesha nini?

Siku ya kuwasha

Tuliiwasha Ijumaa baada ya swala. Mjomba alikuwa amempigia simu binamu, akamwambia aje, hakumweleza zaidi. Binamu alikuja kwa bodaboda kutoka Diani, na sare yake ya kazi. Fundi akampa ile kebo ya zamani mkononi, akamwonyesha kidonge cha nyuzi. Aliigeuza na kuigeuza. Mjomba akasema, "Mwanangu, redio ilikuwa yangu." Hayo tu. Kwa mtu anayemjua mjomba, hayo ni hotuba.

Binamu hakuliendesha. Aliketi, akakanyaga pedali kwa mkono kwanza, kisha kwa mguu, akaiachia, ikarudi juu na kugonga: tak! Akafanya hivyo labda mara 30. Ile kebo aliondoka nayo. Nilisikia baadaye kwamba alipitia kwanza kwa yule mama wa mahamri.

Niwaache na ushauri wa bure kwa wenye magari ya zamani, hasa ninyi wa pwani. Fungua boneti, mtu akanyage mafuta na kuachia polepole, wewe tazama: kipepeo kirudi chenyewe, mara moja. Pitisha vidole kwenye kebo. Ukichomwa na uzi, badilisha leo. Kagua raba ya ukuta wa bati. Na pedali ikinasa safarini, usihangaike nayo: kanyaga klachi au weka gia huru, kanyaga breki mara moja kwa nguvu na usiachie, kisha zima injini bila kuchomoa ufunguo ili usukani usifunge. Usipige breki mara mbili mbili. Kwenye magari mengi kipepeo kikiwa wazi, injini haiisaidii tena breki, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Binamu alipiga breki mara tatu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, na mimi mwenyewe nimelijua hilo juzi.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye seva. Wakatabahu.